Henry Mancini, Mtunzi wa Muziki wa Sinema

Mwaka 1962 ilitoka sinema iliyopewa jina kwa lugha yetu wenyewe, nayo ni "Hatari!". Picha zake zilipigwa humu nchini, sehemu za Arusha, Manyara na Ngorongoro, wakati Tanganyika ilipokuwa bado inangojea uhuru wake. Ilihusu watu wanaokamata wanyama hai ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Wengi humkumbuka mchezaji wake mkuu, John Wayne. Sisi tunapenda kuwaeleza habari za mtu asiyeonekana hata mara moja katika sinema hiyo, lakini kazi yake husikika tangu mwanzo hadi mwisho. Huyo ni Henry Mancini, aliyetunga muziki wake.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1924 mjini Cleveland, Marekani, akaitwa Enrico. Wazazi wake walitoka Italia. Alikulia West Aliquippa, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Pennsylvania, na baba yake, mzee Quinto, alitafuta riziki humo viwandani. Mzee huyo alikuwa mkali, tena mpiga filimbi. Mtoto alipofikia umri wa miaka minane alitiwa filimbi ndogo mkononi, na baba akamsimamia ajifunze. Hata hivyo mzee hakukusudia mwanawe aishi kwa filimbi. Alitaka asome, aepukane na kiwanda, awe mwalimu.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili linatugusa. Sisi tuliopita chuo cha ualimu na kushika chaki miaka mingi tunafurahi kusikia kwamba hata huko Marekani mzazi aliiona kazi yetu kuwa ya heshima. Lakini tunakumbuka pia mtoto mmoja darasani mwetu aliyekuwa akipiga dawati kwa vidole tangu asubuhi mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Tulimchapa. Baada ya hapo hesabu zake hazikuwa nzuri zaidi, na dawati halikupigwa tena.

Mwaka 1935 mzee Quinto mwenyewe alimpeleka kijana wake kutazama sinema ya vita vya msalaba, iitwayo "The Crusades". Kilichomkaa kijana moyoni si farasi wala mapanga, bali ule muziki uliokuwa ukipigwa nyuma yake. Tangu siku hiyo alijua anataka kazi gani, wala haikuwa ile aliyochaguliwa na baba. Akaenda kwa Max Adkins, kiongozi wa bendi ya ukumbi mmoja mjini Pittsburgh, akafundishwa kupanga sauti. Wanakwaya wetu wanaielewa kazi hii. Wimbo ni ule ule, lakini lazima mtu aamue nani aanze, besi waingie wapi, na nani anyamaze. Katika okestra ni vivyo hivyo, ila badala ya waimbaji kuna ala nyingi za aina aina, na kila mpigaji huandikiwa karatasi yake.

Mwaka 1942 aliingia chuo cha muziki cha Juilliard, New York, na mwaka uliofuata akachukuliwa jeshini. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa askari waliowafungua wafungwa wa kambi ya Mauthausen, Austria. Vita vilipokwisha alipiga piano na kupanga sauti katika okestra ya Glenn Miller iliyoongozwa na Tex Beneke. Humo alimpata mwimbaji Ginny O'Connor, wakaoana mwaka 1947.

Kampuni ya sinema ya Universal ilimwita mwaka 1952 kwa kazi ya majuma mawili tu. Akakaa miaka sita, akashiriki katika sinema zaidi ya 100, na katika nyingi jina lake halikuandikwa. Mwaka 1958 kampuni ilipunguza wafanyakazi, naye akawa hana kazi, ana mke na watoto watatu. Siku moja alirudi pale kunyolewa nywele, kwa sababu kibali chake cha kupita langoni kilikuwa hakijachukuliwa. Akitoka kwa kinyozi alikutana na Blake Edwards, aliyekuwa akitafuta mtunzi wa mchezo wa televisheni uitwao "Peter Gunn". Sahani ya muziki wa mchezo huo ndiyo iliyopata tuzo ya kwanza kabisa ya Grammy ya albamu ya mwaka.

Halafu ukaja "Moon River" mwaka 1961. Aliyepaswa kuuimba, Audrey Hepburn, hakuwa mwimbaji kwa kazi, kwa hiyo Mancini alitunga sauti isiyozidi oktava moja na noti moja. Walimu wa kwaya wanaopenda kuwapandisha soprano hadi wapige yowe wangefaa kuusikiliza.

Tukirudi kwenye "Hatari!", mwongozaji wake, Howard Hawks, alirudi Marekani na masanduku ya ala za Afrika. Mancini akachagua malimba za kupigwa kwa vidole gumba, vibuyu vya kutikisa, na ganda refu la mti lenye mbegu kavu ndani. Tena kulikuwa na kipande cha watoto wa tembo wakimfuata mwanamke kwenda kuoga. Alitazama mwendo wao, akawaandikia wimbo kwa klarineti na kinanda kama kile cha sarakasi. Sisi wa Mwamkulu, wenye mpunga shambani na Hifadhi ya Katavi jirani, tukisikia tembo hatufikirii muziki. Lakini usikilize wimbo ule, utaziona zile nyayo. Mpango wake wa sauti ulipata Grammy.

Kwa jumla alipata Grammy 20 na Oscar nne. Aliongoza okestra katika miji mingi, na mwaka 1989 akatoa kitabu cha maisha yake. Alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 14 Juni 1994, akiwa na miaka 70. Siku zile alikuwa akitunga nyimbo za mchezo wa jukwaani, "Victor/Victoria", uliofunguliwa New York mwaka uliofuata.