Charles Darwin, mtu aliyeorodhesha kasoro za hoja yake mwenyewe

Jina la Charles Darwin likitajwa redioni, simu huanza kuita kabla kipindi hakijafika nusu. Wengi wanamjua kama Mzungu aliyesema binadamu ametokana na nyani. Hakusema tumetokana na nyani hawa tunaowaona porini leo. Alisema wao na sisi tuna babu mmoja wa zamani sana. Tuuache ubishi huo kidogo, msikilizaji, tumtazame mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza, mtoto wa daktari. Alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, lakini enzi hizo wagonjwa walipasuliwa bila dawa ya usingizi na yeye hakuweza kuvumilia kuona. Akahamishiwa Cambridge ili awe kasisi. Hilo nalo halikutimia: mwishoni mwa 1831 alipanda meli iitwayo Beagle, akazunguka dunia karibu miaka mitano.

Aliporudi, wazo lake likaanza kukomaa. Mfugaji huchagua jogoo mzuri wa mbegu, na baada ya vizazi kadhaa kuku wake wamebadilika. Darwin aliona kwamba hata porini kuna kuchaguliwa: viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, na wanaoyamudu mazingira ndio wanaobaki na kuzaa. Kufikia 1844 alikuwa ameandika kurasa zaidi ya 200. Akamwachia mkewe Emma maagizo ya kuzichapisha iwapo angekufa, kisha akazifungia.

Kwa nini alisubiri? Wasomi bado wanabishana. Emma alikuwa mcha Mungu, na mapema katika ndoa yao alimwandikia barua ya wasiwasi kuhusu imani yake. Darwin aliitunza maisha yake yote. Lakini pia alikuwa akiijaribu hoja yake. Alifuga njiwa na kujiunga na vyama vya wafugaji wa njiwa London, akiwauliza maswali watu ambao wasomi wenzake wasingekaa nao meza moja. Na alikuwa na kanuni: akikutana na jambo linalopinga wazo lake, aliliandika papo hapo, kwa sababu alijua akili husahau upesi yale isiyoyapenda.

Mwaka 1858 Alfred Russel Wallace, akiwa visiwa ambavyo leo ni Indonesia, alimtumia andiko lenye wazo lile lile. Maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London. Mwaka uliofuata kitabu cha Darwin kilitoka, kikiwa na sura nzima ya matatizo ya hoja yake.

Tatizo moja lilimsumbua hadi mwisho. Mabadiliko yale yalihitaji muda mrefu mno, lakini mwanafizikia mashuhuri William Thomson alipiga hesabu kwamba dunia ina umri wa kama miaka milioni 100 tu. Darwin hakuwa na jibu. Hakujifanya analo, wala hakulitupa wazo lake. Leo tunajua dunia ina miaka kama bilioni 4.5, yeye alikufa bila kujua hivyo.

Kuhusu Mungu alikuwa vivyo hivyo. Kifo cha binti yake Annie mwaka 1851, akiwa na miaka 10, kilimvunja moyo. Baadaye familia ilipokwenda kanisani Jumapili, yeye alikwenda kutembea. Hata hivyo hakudai kwamba Mungu hayupo. Alisema chanzo cha vyote kimeshinda akili yake, akaishia hapo. Aliendelea kuwa rafiki wa kasisi wa kijiji chake cha Downe. Ndoa yao nayo ilidumu zaidi ya miaka 40, kila mmoja na msimamo wake, na hili mimi naliona gumu kuliko hata kuandika kile kitabu.

Uzeeni alirudi kwenye udongo. Mwaka 1842 alimwaga vipande vya chokaa kwenye uwanja wa nyasi karibu na nyumba yake. Akasubiri miaka 29, kisha akachimba mtaro. Chokaa ilikuwa imezama inchi 7, imefunikwa na udongo ambao nyungunyungu walikuwa wakiupandisha kidogo kidogo. Watu waliwaona kama wadudu waharibifu. Yeye akaonyesha kwamba ndio wanaolima ardhi. Kitabu chake kuhusu nyungunyungu kilitoka mwaka 1881, naye akafariki Aprili 1882 akiwa na miaka 73. Familia ilitaka azikwe Downe, lakini akazikwa Westminster Abbey, kanisani, jirani na kaburi la Isaac Newton.