Alois Alzheimer: Tabibu aliyefumbua siri ya ubongo unaosahau

JINA lake hutajwa kila uchao hospitalini kote duniani. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba Alzheimer lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa jina la maradhi.

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, kusini mwa Ujerumani. Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Berlin, Tübingen na Würzburg, akahitimu mwaka wa 1887. Tasnifu yake haikuhusu ubongo hata kidogo, bali tezi zinazotoa nta ya sikio. Lakini kazi hiyo ilimzoesha kutumia darubini, chombo ambacho hakukiacha hadi mwisho wa maisha yake.

Mwishoni mwa 1888 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, chini ya mkurugenzi Emil Sioli. Mwaka uliofuata alijiunga nao Franz Nissl, bingwa wa kutia rangi seli za ubongo ili zionekane vyema. Watatu hao walipunguza desturi ya kuwafunga wagonjwa na badala yake wakawaketisha na kuzungumza nao. Baada ya kuwahudumia wagonjwa, Alzheimer na Nissl waliinamia darubini pamoja.

Mwaka wa 1894 Alzheimer alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane tajiri. Walijaliwa watoto watatu, lakini mnamo 1901 Cecilie alifariki. Mwaka huo huo, Novemba 25, aliletwa hospitalini mwanamke aliyeitwa Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51.

Mumewe, karani wa reli, alikuwa ameshindwa kumtunza. Auguste alikuwa amejawa na wivu usio na msingi, akificha vitu ovyo na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alzheimer alimwonyesha vitu vya kawaida kama vile kalamu na ufunguo. Mama huyo alivitaja sawasawa, kisha punde si punde akawa hakumbuki ameonyeshwa nini. Alipoombwa kuandika jina lake, alikwama katikati. Yote hayo daktari aliyanakili kwa makini. Kusahau kwa ajuza wa miaka 80 hakukumshangaza tabibu yeyote wa enzi hiyo. Kusahau kwa mtu wa makamo kulikuwa kitendawili.

Mnamo 1903 Alzheimer alihamia Munich kufanya kazi na Emil Kraepelin, mtaalamu mashuhuri wa magonjwa ya akili. Kwa muda alifanya kazi huko bila mshahara, akitegemea urithi wa marehemu mkewe. Hata hivyo, hakumsahau mgonjwa wake wa Frankfurt. Auguste alipofariki Aprili 8, 1906, faili yake pamoja na ubongo wake vilipelekwa Munich.

Alipoutia ubongo huo rangi kwa njia mpya iliyotumia chumvi ya fedha, Alzheimer aliona mambo mawili. Nje ya seli kulikuwa na madoa ya uchafu mgumu uliorundikana. Ndani ya seli, nyuzi zilikuwa zimesokotana kama uzi uliotatizika. Seli nyingi zilikuwa zimekufa.

Novemba 3, 1906 aliwasilisha matokeo hayo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali, na mkutano ukasonga mbele kwa mada nyingine. Ni Kraepelin aliyeupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mwaka wa 1910.

Mwaka wa 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Aliugua akiwa safarini kwenda huko na hakupata nafuu kamili. Alifariki Desemba 19, 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Auguste alipolazwa. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe.

Ilichukua miongo mingi kujua madoa na nyuzi hizo vimeundwa kwa nini. Mnamo 1984 wanasayansi wa Marekani walitambua protini iitwayo amiloidi-beta, ambayo ndiyo kiini cha yale madoa. Muda mfupi baadaye ilibainika kuwa nyuzi ni protini ya tau, ambayo kwa kawaida huimarisha njia za kusafirishia virutubisho ndani ya seli. Ikiharibika, njia hizo hubomoka.

Dawa za awali, kama vile donepezili, hupunguza dalili tu. Dawa mpya za kingamwili, lecanemab iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mnamo 2023 na donanemab mnamo 2024, huondoa amiloidi yenyewe. Katika majaribio ya miezi 18, lecanemab ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27. Hata hivyo, haiponyi, hufaa katika hatua za mwanzo pekee, na yaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ubongoni. Aidha, ni ghali mno.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wengi wao katika mataifa yenye kipato cha chini na cha wastani. Humu nchini, katika maeneo kama vile Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mkongwe anayetangatanga usiku, asiyejua aendako na asiyeweza kujieleza, ni rahisi kushukiwa hivyo, ilhali huenda ni mgonjwa tu.

Zaidi ya karne moja iliyopita, Alzheimer alikutana na mtu wa namna hiyo. Hakuwa na dawa ya kumpa. Alivuta kiti, akaketi, akamuuliza jina lake.