Reggie White, mhubiri wa jezi namba 92

Katika magazeti ya ushirika tumezoea kusoma habari za wamisionari waliovuka bahari na wazee walioanzisha makanisa chini ya mwembe. Leo nakuletea mtu wa aina nyingine. Huyu mshahara wake ulitokana na kuangusha watu, tena mbele ya maelfu wanaoshangilia, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake kubwa ya kazi. Hata hivyo alikuwa mhubiri wa injili, na safari yake inatugusa sisi watumishi kuliko unavyoweza kudhani.

Anaitwa Reginald Howard White, alizaliwa tarehe 19 Desemba 1961 huko Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani. Alilelewa katika kanisa la Kibatisti, na bibi yake alikuwa na sehemu kubwa katika malezi hayo. Akiwa bado kijana mdogo alimwambia mama yake kwamba anataka mambo mawili tu maishani: kucheza mpira na kuhubiri. Alipofika miaka 17 akawekewa mikono kuwa mhubiri. Kwa hiyo usifikiri kwamba alipata umaarufu kwanza ndipo akamkumbuka Mungu. Vyote viwili vilianza pamoja.

Sasa hebu nikueleze kidogo huo mpira, maana si soka letu. Ni mchezo wa Kimarekani unaofanana zaidi na raga, wachezaji 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Upande unaoshambulia una mtu mmoja anayepokea mpira na kuwarushia wenzake mbele. Huyo ndiye roho ya timu. Mbele yake wanasimama majitu matano ya kumlinda. Kazi ya White ilikuwa kupita katikati au pembeni ya majitu hayo na kumwangusha mrushaji kabla hajarusha. Ukimwangusha namna hiyo unaandikiwa, na hesabu hiyo ndiyo heshima ya mlinzi wa mstari wa mbele. Mkiangusha wawili kwa pamoja mnagawana nusu nusu.

White alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 5, uzito wa kilo 130 na kitu, na pamoja na mwili huo alikimbia kama mtu mwembamba. Alikuwa na mbinu moja ambayo wapinzani waliijua kabisa na bado hawakuiweza. Alianza kwa kasi kana kwamba anazunguka kwa nje. Mlinzi aliye mbele yake akiegemea nje ili amzuie, White anaingiza mkono wa ndani chini ya kwapa lake na kumbetua. Mtu mzima wa kilo zaidi ya 130 anaruka pembeni kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye lori. Si mchezo.

Alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Tennessee, kisha mwaka 1984 akaanza kulipwa katika timu ya Memphis Showboats, kwenye ligi changa ambayo haikudumu. Mwaka 1985 akahamia Philadelphia Eagles katika ligi kubwa, NFL. Huko Philadelphia ndiko jina lilikokua. Mwaka 1987 wachezaji waligoma, msimu ukakatwa, yeye akacheza mechi 12 tu. Katika mechi hizo 12 aliwaangusha warushaji mara 21! Kwa miaka yake yote pale alicheza mechi 121 na kuangusha mara 124, yaani zaidi ya mara moja kila alipoingia uwanjani. Watu wakampa jina la utani la Waziri wa Ulinzi, kwa sababu Kiingereza kinatumia neno moja kwa waziri wa serikali na kwa mhudumu wa injili.

Na huduma yenyewe haikuwa ya jina tu. Yeye na mke wake, Sara, walikwenda kwenye mitaa ya maskini ya Philadelphia kuhubiri na kuzungumza na vijana wa magenge. Kwao Tennessee walijenga nyumba ya kuwapokea wasichana waliopata mimba bila kuolewa na kukosa pa kwenda. Alikuwa pia miongoni mwa wachezaji waliozoesha watu kuona timu mbili zilizotoka kuumizana zikipiga magoti pamoja katikati ya uwanja baada ya mechi na kuomba.

Mwaka 1992 jina lake liliwekwa mbele katika kesi ya wachezaji dhidi ya ligi. Siku zile klabu iliweza kuendelea kumshikilia mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Kesi ikamalizika kwa makubaliano, na mwaka 1993 wachezaji wakaanza kuwa huru kuchagua. White mwenyewe akawa mkubwa wa kwanza kuufaidi uhuru huo. Klabu nyingi zikamwita. Yeye akatangaza kwamba anamngoja Mungu amwonyeshe pa kwenda, na wengi walidhani ataelekezwa kwenye jiji kubwa lenye watu weusi wengi na kazi kubwa ya huduma. Akaenda Green Bay, mji mdogo wa baridi kali kaskazini, karibu wote weupe, kwa mkataba wa miaka 4 na dola milioni 17. Inasimuliwa kwamba kocha wa pale, Mike Holmgren, alikuwa amemwachia ujumbe kwenye simu akijifanya yeye ndiye Mungu na kumwambia aje Green Bay. Utani tu, lakini kumbuka utani huo, tutaurudia.

Tarehe 8 Januari 1996 kanisa alilokuwa mchungaji msaidizi, Inner City mjini Knoxville, lilichomwa moto. Lilikuwa kanisa la weusi na weupe pamoja, na miaka ile makanisa ya watu weusi kusini mwa Marekani yalikuwa yakichomwa moja baada ya jingine. Mashabiki wa Green Bay, wengi wao weupe ambao hawajawahi kufika Knoxville, walituma michango mingi. Hapa habari haina mwisho mzuri, na sitaipamba: jengo halikujengwa tena, na baadhi ya watoaji walibaki na maswali.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Januari 1997 mjini New Orleans, Green Bay ilichukua ubingwa kwa kuifunga New England 35 kwa 21. Mji ule ulikuwa umengoja miaka 29. White, mwenye miaka 35, alimwangusha mrushaji mara tatu, mbili kati ya hizo zikifuatana.

Machi 1998 akaalikwa kuzungumza mbele ya bunge la jimbo la Wisconsin. Pale alisema maneno makali kuhusu mashoga, na akaanza kutaja kila taifa la watu na kipaji chake: weusi hivi, weupe vile, Waasia hivi. Mwenyewe alidhani anaonyesha jinsi Mungu alivyogawa vipawa. Watu waliumia, na mazungumzo ya kazi ya televisheni aliyokuwa akiitarajia yakaishia hapo. Kwa upande huo wa mataifa simtetei. Sisi wa ukanda huu tunajua kinachofuata mtu akishika kipaza sauti na kugawa tabia kwa makabila, hata kama anadhani anayasifia.

Mwezi uliofuata alitangaza kustaafu. Siku chache tu zikapita, akageuka: Mungu amemwambia acheze mwaka mmoja zaidi. Akacheza, akaangusha mara 16, akachaguliwa mlinzi bora wa ligi nzima karibu na miaka 37. Ni nani angethubutu kumwuliza kama kweli ilikuwa sauti ya Mungu? Alipumzika 1999, akarudi 2000 na timu ya Carolina, kisha akaacha kabisa akiwa na jumla ya 198. Wakati ule hakuna aliyekuwa amefikia hesabu hiyo.

Ndipo inakuja sehemu ambayo sisi watumishi hatupendi kuisimulia. Baada ya mpira, White alijifungia na vitabu. Alianza kujifunza Kiebrania, saa nyingi kila siku, akasafiri hadi Israeli, akitaka kuyasoma Maandiko katika lugha yake bila kutegemea mwalimu wa kumtafsiria. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoacha kupanda madhabahuni. Alieleza kwamba makanisa yalikuwa yakimwita kwa sababu ya mpira, si kwa sababu alilijua neno, na kwamba alihisi ametumiwa. Akaenda mbali zaidi: mengi aliyowahi kutangaza kwamba Mungu amemwambia, alikuja kuona kwamba yalikuwa matakwa yake mwenyewe Reggie.

Baadhi ya waliompenda walinong'ona kwamba ameiacha imani. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeiacha imani haamki kusoma herufi za Kiebrania. Lakini nakuomba usiipite haraka habari hii, mpendwa, hasa wewe unayepanga mikutano. Ukiangalia mabango yetu, kutoka mji hadi mji na kuvuka mpaka, utaona jina la mgeni limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la Yesu. Huyu mgeni anaalikwa kwa nini? Na akisema amesikia sauti, nani pale ana ruhusa ya kumwuliza? White hakuulizwa na mtu. Ilibidi ajiulize mwenyewe, akiwa amechelewa.

Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, huko North Carolina, akiwa na miaka 43. Ni siku ileile ya tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi hadi pwani zetu za Somalia, Kenya na Tanzania, ndiyo maana huku wengi hatukuisikia habari yake. Moyo ulipoteza mapigo yake ya kawaida. Madaktari waliutaja ugonjwa wa sarkoidosisi aliokuwa nao kwa miaka, na pia tatizo la pumzi kukatika usingizini, lile ambalo nyumbani tunaliita kukoroma tu na kucheka.

Jezi namba 92 ilistaafishwa na timu tatu: Tennessee, Eagles na Green Bay. Agosti 2006 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, mjini Canton, Ohio, na Sara ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba ya mumewe. Tangu hapo amekuwa akiwafundisha watu habari za ugonjwa ule wa usingizi, na taasisi yenye jina la Reggie husaidia wasio na uwezo kupata mashine ya kupumulia usiku.