Mwenye hita aliyenyang'anywa jina lake

Mwanafunzi wa historia ya Ulaya hukutana mapema na neno Junkers. Hufundishwa kwamba hao walikuwa makabaila wa Prussia, wenye mashamba makubwa, ambao Bismarck alitoka miongoni mwao. Asili ya neno lenyewe ni bwana mdogo, mtoto wa mwenye ardhi. Baadaye mwanafunzi huyo huyo huliona jina hilo limebandikwa kwenye ndege za mabomu za Vita Vikuu vya Pili, naye hudhani kwamba makabaila wale ndio waliounda ndege. Nimeulizwa swali hilo zaidi ya mara moja. Kila mara nimelazimika kueleza kwamba Hugo Junkers hakuwa kabaila hata kidogo, na kwamba riziki yake aliipata kwa kupasha watu maji ya kuoga.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1859 katika mji wa Rheydt, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha nguo, na nyumbani walilelewa wavulana saba. Alisomea uhandisi Berlin, Karlsruhe na Aachen, na mwaka 1888 akahamia Dessau kufanya kazi na kampuni ya gesi, akichunguza injini zinazoendeshwa kwa gesi hiyo.

Sasa, huwezi kujua kama injini inatumia gesi vizuri au inaipoteza pasipo kujua kwanza gesi yenyewe ina joto kiasi gani. Junkers akabuni chombo cha kupimia. Gesi huwashwa ndani yake, na maji baridi hupitishwa kando ya moto yakitiririka mfululizo mpaka yakalinyonya joto lote. Kisha hupimwa maji ni kiasi gani, yameingia yakiwa na joto gani na yametoka yakiwa na joto gani. Hesabu inayobaki hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Chombo hicho kilionyeshwa Chicago katika maonyesho makubwa ya mwaka 1893, kikamletea sifa.

Mtaalamu mwingine angaliridhika na vipimo vyake. Junkers aliyatazama yale maji yaliyokuwa yakimwagwa baada ya kupimwa, akatambua kwamba yalikuwa tayari kwa kuoga. Siku zile, mtu aliyetaka kuoga kwa maji moto aliwasha makaa chini ya pipa akangoja. Mwaka 1895 Junkers na mshirika wake, Robert Ludwig, walianzisha kampuni ya Junkers & Co. pale Dessau ili kutengeneza hita za gesi za bafuni. Unafungua bomba, maji yanapita kwenye joto la gesi, yanatoka moto papo hapo. Ludwig alijitoa mwaka 1897, na mwaka huo huo Junkers akateuliwa kuwa profesa wa taaluma ya joto katika chuo cha ufundi cha Aachen. Cheo hicho alikishika hadi mwaka 1912, huku kiwanda chake kikiendelea upande wa pili wa nchi. Vyuoni kwetu mhadhiri mwenye biashara pembeni hutazamwa kwa jicho la shaka, na pengine kwa haki. Lakini huyu biashara yake ilitoka moja kwa moja katika somo alilofundisha.

Mwaka 1898 alimwoa Therese Bennhold, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Walijaliwa watoto kumi na wawili.

Ndege ziliingia katika maisha yake akiwa na umri wa miaka hamsini, zikipitia mlango wa hita. Mwalimu mwenzake wa Aachen, Hans Reissner, alikuwa akiunda ndege, nao wakashirikiana kuitengenezea mabawa ya chuma. Wakati ule ndege ilikuwa mbao na kitambaa. Mafundi wa Junkers, kwa upande wao, walikuwa wamezoea kukunja na kuunganisha mabati membamba sana kwa ajili ya hita. Mwaka 1910 alisajili uvumbuzi wake wa bawa nene lisilohitaji waya wala nguzo za nje. Mwezi wa Desemba 1915 ndege yake ya kwanza, ya chuma mwili mzima, iliruka. Mwaka 1919 ikafuata F 13, ndege ya kwanza ya abiria iliyoundwa kwa metali tupu. Ngozi yake ilikuwa bati la mchanganyiko wa aluminiamu lenye mikunjo, kama mabati tuyaonayo juu ya mapaa yetu, na sababu ni ile ile: mkunjo hulipa bati jembamba nguvu.

Utafiti huo wote ulikula fedha, na fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitoka bafuni. Kampuni ya hita ndiyo iliyokuwa ng'ombe wa maziwa. Ndege zilileta hasara na misiba pia. Mwanawe Werner alikufa mwaka 1923 katika ajali ya ndege huko Argentina.

Nisimchore kama malaika. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliliundia jeshi la nchi yake ndege za vita. Baada ya mwaka 1922 aliendesha kiwanda Fili, karibu na Moscow, kwa mapatano ya siri na jeshi la Ujerumani lililotaka kuukwepa Mkataba wa Versailles. Ahadi za fedha alizopewa hazikutimizwa, na kufikia mwaka 1925 deni lilimfika shingoni. Hata hivyo, mapenzi yake yalikuwa kwenye ndege ya kubeba watu na barua, na katika siasa alikuwa mtu wa demokrasia.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulimrudisha kwenye madeni. Mwaka 1932 alimuuzia Robert Bosch kampuni ya hita, na nadhani hilo lilimuuma kuliko yote, ili aokoe kazi ya ndege. Akabaki na ndege, na ndege ndizo Hitler alizozitaka.

Wanazi walishika serikali mwezi wa Januari 1933. Junkers alitishiwa mashtaka ya uhaini, akashurutishwa kuikabidhi serikali haki za uvumbuzi wake, kisha asilimia 51 ya hisa. Alifukuzwa Dessau, mji alioujenga kwa mikono yake, akawekwa kizuizini nyumbani kwake Bayrischzell, milimani kusini. Joseph Goebbels, msemaji mkuu wa utawala huo, alikuwa mzaliwa wa Rheydt kama yeye. Profesa alifariki tarehe 3 Februari 1935 huko Gauting, karibu na Munich, siku alipotimiza miaka 76.

Mwaka huo huo mjane wake aliikabidhi serikali hisa zilizobaki. Mwezi wa Septemba 1935, miezi saba baada ya mazishi, iliruka kwa mara ya kwanza Ju 87, ile Stuka iliyoitisha Ulaya kwa mlio wake. Herufi hizo mbili za mwanzo ni za jina la mtu aliyekuwa kaburini, ambaye hakuichora wala kuagiza ichorwe. Sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi kwamba jina la mtu halina maana ila kumwonyesha mwenyewe. Hili lilikuwa likiwaonyesha waliomnyang'anya. Lilifika hata kwetu: mwaka 1940, marubani wa Afrika Kusini waliokuwa Kenya walirusha ndege aina ya Ju 86, zilizonunuliwa kabla ya vita kwa ajili ya abiria, kwenda kuwapiga Waitalia mpakani kaskazini. Tarehe 7 Machi 1945 mji wa Dessau uliteketezwa kwa mabomu, kwa sababu ya viwanda vyenye jina hilo.

Bosch, kwa upande wake, hakulibadilisha jina alilolinunua. Kwa miongo mingi baada ya vita, mabafuni ya Ujerumani yaliendelea kupata maji moto kutoka kisanduku kilichotundikwa ukutani, kimeandikwa Junkers.