Arthur Holmes: Jamaa aliyesota akisaka umri wa dunia

Ebu jaribu kukisia dunia ina miaka mingapi. Kama ungeuliza swali hilo Uingereza mwaka 1900, jibu lililoheshimika zaidi lilitoka kwa mwanafizikia mkubwa, Lord Kelvin: kati ya miaka milioni 20 na milioni 40. Kelvin alipiga hesabu ya muda ambao dunia ingechukua kupoa. Nani angembishia?

Basi kutana na Arthur Holmes, aliyezaliwa mwaka 1890 huko Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Alienda London kusomea fizikia, kisha akahamia jiolojia, yaani elimu ya miamba. Alisoma kwa ufadhili wa pauni 60 kwa mwaka, na kwa maisha ya London hizo hazikutosha. Kama umewahi kukaa chuo ukihesabu nauli na chakula, unaelewa.

Lakini kichwani alikuwa na wazo. Wakati huo wanasayansi walikuwa wamegundua kwamba atomi za urani huvunjika zenyewe, polepole, na mwishowe hugeuka kuwa madini ya risasi. Fikiria mtungi wa lita 20 chini ya bomba linalovuja. Ukijua bomba hutoa lita moja kwa saa, na ukakuta lita sita ndani, huhitaji kuuliza mtu: maji yamedondoka kwa saa sita. Urani ni hivyo, ila mwendo wake ni tofauti kidogo: kila baada ya miaka bilioni 4.5, nusu ya ile iliyobaki huwa imegeuka. Joto halibadilishi kasi hiyo, wala baridi. Kwa hivyo ukipima urani na risasi ndani ya jiwe, unapata umri wake.

(Usichanganye na ile mbinu ya kaboni. Kaboni hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi, kwa hivyo hufaa mifupa na mbao za miaka isiyozidi kama 50,000. Kwa mwamba wa mamilioni ya miaka, haikusaidii.)

Holmes alichukua mawe kutoka Norway, akayasaga, akayayeyusha, na kupima chembe ndogo sana za risasi. Jibu: miaka milioni 370. Jiwe moja tu lilikuwa limeipita dunia nzima ya Kelvin kwa mbali! Alichapisha matokeo hayo mwaka 1911, akiwa na miaka 21.

Unadhani chapaa ziliingia? Wapi! Mwaka huohuo ilibidi apande meli hadi Msumbiji kutafuta madini, ndio apate pesa. Miezi sita porini, hakupata kitu cha maana. Malaria nayo ilimwangusha vibaya hadi habari zikatumwa nyumbani kwamba amekufa. Kumbe alikuwa hai. Alirudi, akaendelea kupima mawe, na mwaka 1913 akatoa kitabu kuhusu umri wa dunia.

Mwaka 1920 alijaribu tena bahati yake, safari hii Burma, katika kampuni ya mafuta. Kampuni ilianguka. Mbaya zaidi, mwanawe wa miaka mitatu aliugua kuhara damu akafariki hukohuko. Holmes alirudi Uingereza bila senti wala kazi. Mtu aliyejua umri wa miamba kuliko karibu kila mtu duniani akawa anauza bidhaa za Mashariki ya Mbali dukani, mjini Newcastle.

Mlango ulifunguka mwaka 1924, Chuo Kikuu cha Durham kilipomwajiri kuanzisha idara ya jiolojia. Mwaka 1943 akawa profesa Edinburgh. Muda huo wote hakuacha kurekebisha hesabu zake, hata zile alizotetea mwenyewe. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa amefika zaidi ya miaka bilioni 3. Kisha mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson, akitumia risasi iliyo kwenye vimondo, akapata bilioni 4.55, na hapo ndipo tulipo hadi leo. Holmes aliishi kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1965.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi. Mwaka 1951 Holmes aliupa jina Mkanda wa Msumbiji, safu ya miamba ya kale inayotoka ile nchi iliyokaribia kumuua, ikapita Tanzania na kuingia Kenya. Milima ya Taita imo ndani yake. Siku ukipita Voi, angalia yale mawe vizuri. Ndani yake urani bado inageuka risasi, taratibu tu, vilevile kama siku ile Holmes alipokuwa amelala hoi kwa malaria na watu wakidhani yamekwisha.