Mwenda Jean Bosco, Fundi wa Gitaa Kavu

Katika wapigaji wote wa gitaa waliotokea upande huu wa Afrika, ni wachache mno ambao jina lao lilisafiri mbali kama la Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Na ajabu yake ni kwamba lilisafiri bila bendi, bila umeme na bila kipaza sauti cha jukwaani. Alikuwa na sanduku la mti lenye nyuzi sita, na vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba kikipiga nyuzi nene za chini, na kidole cha shahada kikiufuata wimbo juu yake. Msikilizaji asiyemwona alidhani kwamba wapigaji ni wawili.

Alizaliwa mwaka 1930 katika Bunkeya, makao makuu ya Wayeke. Msomaji wa Tanzania asilipite jina hilo kwa haraka. Wayeke ni kizazi cha watu waliotoka Unyamwezi na Usumbwa katika karne ya 19, wakifuata njia za biashara ya shaba na pembe, wakiongozwa na Msiri, ambaye alisimamisha ufalme wake huko mpaka alipouawa na msafara wa Stairs mwezi wa Desemba 1891. Basi Bosco alikuwa mwana wa Kongo kwa kuzaliwa, lakini asili ya jamaa zake ilikuwa upande wetu wa ziwa. Mwenyewe alilionea fahari jambo hili, na katika miaka yake ya baadaye alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke.

Alikulia katika nchi ya migodi. Shaba ya Katanga ilikuwa imevuta wafanya kazi kutoka kila pembe, na katika makambi ya kampuni ya Union Minière mtu wa Kasai alikaa mlango mmoja na mtu wa Rhodesia ya Kaskazini na mtu wa Rwanda. Walihitaji lugha moja ya kuelewana, nayo ikawa Kiswahili, kile ambacho wengine walikiita Kingwana. Ndicho alichokiimba Bosco mara nyingi, pamoja na lugha za kwao. Kilikuwa Kiswahili cha kambi na cha kazi, ambacho mtu wa Tanga angeweza kukicheka kwa sarufi yake, lakini asingeshindwa kukielewa.

Na gitaa alijifunza wapi? Masikio yake yalikuwa wazi kwa kila kitu. Alisikia ngoma na nyimbo za kienyeji za Katanga na za nchi jirani ya Zambia. Alisikia santuri za Wakuba, hasa za Trio Matamoros, ambazo wakati ule ziliuzwa katika Afrika nzima na kuwatia wazimu vijana wengi, akiwamo Salum Abdallah wetu wa Morogoro. Akatazama pia sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambamo mtu hushuka farasini na kutoa gitaa. Vyote hivyo akavisaga pamoja, na unga uliotoka ukawa wake mwenyewe.

Mwezi wa Februari 1952 alifika katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey. Mtu huyu alikuja Afrika ya Kusini kwa Zambezi mapema katika miaka ya 1920 ili kulima tumbaku, akapenda nyimbo za wakulima wenzake Waafrika kuliko tumbaku yenyewe, na tangu mwaka 1929 akawa akizinasa. Mwaka 1950 alikuwa amezunguka Tanganyika na mashine zake. Katika Jadotville alimkuta Bosco, kijana wa miaka 22 hivi, akapatana naye na kumnasa. Miongoni mwa nyimbo zilizotoka siku zile ni Masanga. Mwaka huo huo Masanga ilipewa tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka 1952, nayo ikatolewa kwa santuri yenye chapa ya Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg.

Santuri hiyo, kama nyingine za wakati wake, ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika tatu na kitu. Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa fundi: dakika tatu za kusema yote. Bosco hakuzipoteza. Katika Masanga hairudii gitaa yake kama mtu anayetwanga. Kila anapouzungusha wimbo hubadilisha kitu, hapa pigo limecheleweshwa, pale sauti ya chini imehama. Miaka kumi baadaye mtaalamu David Rycroft aliandika uchunguzi mrefu katika jarida la African Music, akizipanga nota za gitaa la Bosco moja moja, jambo ambalo mpiga gitaa wa mtaani wa Kiafrika hakuwa amezoea kufanyiwa.

Lakini tuzo ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Desturi ya makampuni ya santuri ya siku zile ilikuwa kumlipa mwimbaji mara moja kwa wimbo, akatia sahihi, mambo yakaisha. Santuri ikiuzwa mia au ikiuzwa elfu nyingi, mkono wake haukuongezewa kitu. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya uwanda wa Same wanaufahamu mtindo huo bila kufundishwa. Wakati wa vita vya Korea bei ya mkonge ilipaa katika soko la dunia, lakini mkata mkonge aliendelea kujaza kipande chake siku kwa siku, na ujira wake haukupaa pamoja na bei. Hatusemi kwamba Tracey alikuwa mwizi. Bila mashine yake pengine Masanga ingekufa na waliokuwapo. Twasema tu kwamba aliyepiga na aliyeuza hawakula sahani moja.

Kampuni hiyo hiyo ya Gallo iliuza pia magitaa. Yalitengenezwa Durban, yakiwa ya mbao nyembamba na ya bei nafuu, na jina la Gallotone likaandikwa juu yake. Yalienea Afrika hata nje ya Afrika: John Lennon wa Liverpool alikuwa akipiga gitaa la chapa hiyo mwaka 1957, siku alipokutana na mwenzake Paul McCartney. Kwetu jina likageuka kuwa neno la Kiswahili. Gitaa kavu, lisilotumia umeme, likaitwa galatoni, na wako watu wazima ambao mpaka leo hawalijui kwa jina jingine.

Kibandiko kilichokuwa ndani ya magitaa yale kiliahidi kwamba mbao zake hazitapasuka. Ahadi hiyo ingefaa kuletwa Same ikajaribiwa. Mji wa Same uko katika uwanda mkavu ambao milima ya Upare huuzibia mvua. Upepo ni wa vumbi, na jua halina simile. Panda sasa kuelekea Mamba, Chome au Mbaga, ambako kilele cha Shengena kimepita mita 2,400, na ndani ya saa chache umeingia katika ukungu na baridi. Mtu anayeishi juu na kufanya kazi chini hupanda na kushuka na gitaa lake, na gitaa huumia kila safari ijapokuwa halisemi. Mbao katika hewa kavu husinyaa, na mbao iliyogandishwa kwa gundi pande zote ikikosa nafasi ya kusinyaa hupasuka. Ikifika kwenye unyevu hufura, uso wa gitaa ukanyanyuka, nyuzi zikawa mbali na shingo, na kidole kikauma bila kupata sauti.

Tena nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Huo ni uzito wa mtu mzima aliyening'inia juu ya ubao mwembamba usiku na mchana. Joto likilegeza gundi, daraja linalozishika nyuzi hung'oka, na mwenye gitaa hulaumu fundi au jirani mwenye kijicho. Kumbe kosa lilikuwa kuliacha chini ya bati wakati wa adhuhuri, au kulitupa katika buti la basi kutoka Moshi.

Dawa zake si za gharama. Anayesafiri na alegeze nyuzi kidogo. Katika miezi ya ukavu, gitaa na likae ndani ya mfuko au sanduku lake, pamoja na kikopo kidogo kilichotobolewa matundu chenye kitambaa kibichi ndani, kisiguse mbao. Baada ya kupiga, nyuzi zifutwe jasho kwa kitambaa kikavu, kwa maana jasho ni kutu. Ufa mdogo utiwe gundi ya seremala mara unapoonekana, wala usingojee kuwa mkubwa. Na asiye na kile kibano cha shingoni cha kupandisha sauti asione haya: kipande cha kalamu ya risasi kilichofungwa kwa mpira kimetumika Afrika ya Mashariki yote, na wanafunzi wa Bosco walipanda nacho majukwaani.

Santuri nazo zina masharti yake. Zile za mizunguko 78 zilifanywa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, kwa hiyo huvunjika kama kigae, na kwenye joto hupinda. Zisimamishwe wima kama vitabu rafuni, zisirundikwe. Zisafishwe kwa kitambaa laini kikavu, na ole wake mwenye kuzipangusa kwa spiriti, kwa sababu spiriti huuyeyusha utomvu ule, na wimbo hauwezi kurudi. Sindano ya chuma ya gramafoni ilikusudiwa kubadilishwa kila upande. Anayeitumia mwezi mzima hulima shamba juu ya santuri. Ikiwa katika sanduku la marehemu babu, Gonja au Usangi, mna santuri yenye chapa ya Gallotone au nyingine za wakati ule, huenda mikononi mwako pana nakala ambayo haimo katika maktaba yoyote. Usiwape watoto waichezee.

Turudi kwa Bosco. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako Peter Colmore alikuwa akitumia waimbaji kutangaza bidhaa. Binamu yake Edouard Masengo, naye fundi wa gitaa, alifanya kazi huko huko. Bosco akasikika katika redio akiitangaza dawa ya Aspro. Yako mambo ya kuchekesha katika habari hii, kwamba fundi mwenye tuzo auzie watu dawa ya kichwa, lakini kazi ni kazi, na ndiyo iliyompa kipindi cha kila juma na mshahara ambao Masanga haikumpa. Vijana wa Kenya walimsikiliza redioni, wakatega masikio kwenye santuri, wakajifunza kupiga kwa vidole viwili. Wapigaji wengi wa gitaa kavu waliovuma Kenya miaka ile walipita katika shule hiyo isiyo na darasa.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Vita, majeshi ya kukodiwa na kifo cha Lumumba vikafuata, na utengano haukwisha mpaka Januari 1963. Katika miaka hiyo santuri za Kongo zilizovuma zilikuwa za Leopoldville, zenye magitaa ya umeme na tarumbeta na Kilingala. Gitaa kavu la Katanga likaonekana la kizamani. Bosco hakuacha, aliunda bendi katika Lubumbashi, akaishi maisha ya mtu wa mji ule, na mwaka 1969 akaalikwa Marekani kwenye tamasha la nyimbo za kienyeji la Newport. Mwaka 1982 alikuwa Ujerumani, ambako jumba la makumbusho la Berlin lilimnasa tena. Mwaka 1988 alifika Cape Town akarekodi sahani kamili ndani ya studio.

Alifariki katika ajali ya gari mwezi wa Septemba 1990, akiwa na umri wa miaka 60. Sahani ya Cape Town ilitolewa Marekani mwaka 1994, yeye hayupo. Zile alizozinasa Tracey zimo katika hifadhi ya muziki ya Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwenyewe mwaka 1954, ambayo tangu 1978 imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, huko Afrika ya Kusini, pamoja na nyimbo alizozinasa Tanganyika mwaka 1950. Mpare anayetaka kuzisikia katika hali yao ya kwanza ana safari ndefu, isipokuwa kama nakala yake bado imesimama wima, haijapinda, katika kabati ya nyumbani kwao.