Mwalimu Aliyeshuka Cheo kwa Hiari

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu leo! Nimeombwa kuandika juu ya watu waliovuka bahari ili kuzihudumia shule na vijiji vya nchi isiyo yao. Nimemchagua marehemu Edward Carey Francis. Sikumwona kwa macho, kwani alifariki miaka mingi kabla sijazaliwa. Habari zake nilizisikia kwanza kwa mwalimu wetu wa hesabu, hapa hapa shuleni.

Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1897. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa afisa wa kikosi cha mizinga, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aling'ara katika hesabu, hata akawa mhadhiri wa chuo cha Peterhouse. Heshima alikuwa nayo, na kazi ya kudumu alikuwa nayo.

Mwaka 1928 aliyaacha hayo yote, akaja Kenya chini ya misheni ya CMS, akapelekwa Maseno, Nyanza, karibu na mstari wa ikweta. Mtu aliyezoea wasomi wa Cambridge sasa alisimama mbele ya watoto wa wakulima na wafugaji. Aliwafundisha mchana, na jioni akacheza nao kandanda. Alikaa pale miaka 12. Vijana wengi waliosoma Maseno walirudi makwao wakawa walimu wa shule za vijijini, na kwa njia hiyo kazi yake ilifika hata pale ambapo mguu wake haukufika.

Mwaka 1940 alihamishiwa Alliance, kule Kikuyu, akiwa mwalimu mkuu, na akaiongoza shule hiyo kwa miaka 22. Wengi walioshika madaraka Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963 walikuwa wamepita pale. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma kwake tangu 1955 hadi 1958, katika siku ngumu za Hali ya Hatari.

Simsifu kupita kiasi. Alikuwa mkali, na fimbo yake iliogopwa. Alilelewa katika zama za ukoloni, na hakuona haraka ya uhuru kama walivyoiona wanafunzi wake.

Lakini sikilizeni alivyofanya mwishoni. Mwaka 1962 alistaafu Alliance, shule iliyokuwa na sifa kuliko nyingi nchini. Angeweza kurudi kwao apumzike. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato kidogo jijini Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari ya hapo akiwa mwalimu wa kawaida. Yule aliyekuwa akitoa amri kwa miaka 22 sasa alipangiwa vipindi na mwingine. Hakuwa na mke wala mtoto. Wanafunzi ndio waliokuwa jamaa yake. Mwaka 1966 mauti yalimkuta angali mwalimu wa Pumwani.

Yanipasa niseme kwa nini habari hii inanichoma. Miaka michache iliyopita nilipokea barua ya uhamisho kwenda sehemu ya mbali, penye vumbi na shule chache, tena kwa cheo kilichoonekana kidogo kuliko nilichokuwa nacho. Nilibisha hodi kila mlango mpaka barua ile ikafutwa. Siku ile nilifurahi, nikawaalika rafiki zangu tule. Leo nikimfikiria mzee yule wa miaka 65 akitembea na chaki yake kuingia darasani Pumwani, naona haya.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Sisi hatuhitaji kuvuka bahari. Shule za msingi zilizoizunguka shule yetu zina upungufu wa walimu wa hesabu, na wote tunazijua. Naomba kila mmoja wetu atoe wiki mbili za likizo yake ya Agosti akafundishe huko, bila malipo na bila kuitwa mgeni rasmi. Daftari la majina litakuwa kwa katibu siku ya mkutano. Jina la kwanza ndani yake ni langu.

Nanyi vijana, mkituona tumepakaa chaki, msitucheke. Njooni mtusaidie kufuta ubao.